Gololi kwenye mteremko: hesabu inatoa 2 m/s, kipimo 1.45. Nishati nyingine imekwenda wapi?

mwl_sayansi
Habari wakuu. Nina gololi ya chuma, na alumini ya umbo la L ya mita 1.2 iliyolazwa mgongo chini ikawa kama V, upande mmoja umeinuliwa sm 20. Mwisho wake nimeunga kipande kingine cha mita 1 kilicholala sawa. Nishati tuli mgh (tungamo m × mvutano wa dunia g × kimo h) ikigeuka yote nishati mwendo ½mv² (v ni kasi), kwa g = 10 napata 2 m/s. Stopwochi ya simu inatoa kama 1.45 kwa wastani, lakini majibu yanarukaruka. Nimepaka mafuta, hakuna tofauti ya maana. Wanafunzi wanasema basi nishati imepotea.

bingirika
Haijapotea, inazunguka. Fomula uliyotumia ni ya kitu kinachoteleza bila kubingirika. Gololi iliyojaa ikibingirika kwenye ubao bapa hugawa nishati yake: 5/7 kwenda mbele, 2/7 kujizungusha. Kwa hiyo v² = 10gh/7 = 2.86, yaani 1.69 m/s. Tungamo linajifuta, kwa hiyo gololi kubwa au ndogo ni sawa. Na usiulaumu msuguano kwa hili: ndio unaoizungusha. Mafuta yakizidi hadi gololi iteleze, itatoka kwa kasi *zaidi*. Kwenye mteremko mdogo kama wako haitelezi kirahisi.

timazi
Hapo bado 1.69 si 1.45. Angalia hiyo V. Gololi haikanyagi kwa tumbo, inakanyaga kuta mbili. Kwa pembe ya nyuzi 90, umbali kutoka mhimili hadi mstari wa mikanyago ni 0.71 tu ya nusu kipenyo, hivyo lazima izunguke haraka zaidi kwa kila sentimita inayosogea. Mgawo unakuwa 5/9 mbele na 4/9 kuzunguka: v² = 2.22, kasi 1.49. Kilichobaki ni kile kiungo. Kona kali huua sehemu ya mwendo inayoelekea chini. Kwa nyuzi 10 ni karibu asilimia 3 ya nishati ya kwenda mbele, kwa nyuzi 30 inaweza kufika robo.

Ukitaka 1.69, tumia bomba laini la PVC lililopasuliwa katikati, ulikunje taratibu pale chini.

bingirika
Kweli, V sikuizingatia. Ila stopwochi iacheni. Mita 1 kwa 1.49 m/s ni sekunde 0.67, na kidole hukosea kama 0.2, karibu theluthi nzima!

Acha gololi iruke kutoka ukingo wa meza. Kutoka sm 80 inaanguka kwa sekunde 0.4, iwe na kasi ipi ya mlalo. Chini weka karatasi nyeupe, juu yake karatasi ya kaboni iache alama gololi inapotua, kisha pima kutoka alama iliyo wima chini ya ukingo, uliyoipata kwa timazi (uzi wenye kizito). Inayoteleza bila msuguano ingetua sm 80, ya bomba 68, ya V 60. Tofauti hizo mtoto anaziona kwa rula.

Kipande cha mwisho kiwe sawa kabisa: gololi ukiituliza pale isibingirike yenyewe. Kule juu, izuie gololi kwa rula kisha vuta rula haraka kuelekea chini ya mteremko; usiiachie kwa vidole, huisukuma.

timazi
Na kimo kipimwe kutoka katikati ya gololi juu hadi katikati ya gololi chini, si kutoka ncha ya alumini.