Gari la umeme la Shangazi

Shangazi Zuhura: Hamjambo wanangu. Nataka kuachana na petroli, nichukue gari la umeme, la bei nafuu. Nimetumiwa matangazo mpaka kichwa kinaniuma.

Mjomba Hamisi: Shemeji, BYD Seagull! Chaji moja kilomita 405. MG4 ya betri ndogo wanasema 350 tu.

Idi: Shikamooni wakubwa. Mjomba, hizo namba hazitoki kwenye mizani moja. 405 ni kipimo cha China, CLTC, mwendo wake wa polepole. 350 ni WLTP ya Ulaya, kali kidogo. EPA ya Marekani ndiyo kali zaidi.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Kwani kilomita ya China ni fupi? 😂

Idi: 😂😂 Tazama betri, Mjomba. Seagull hiyo inabeba uniti 38.88 za umeme (kilowati-saa). Ili ifike 405 lazima itumie chini ya uniti 10 kila kilomita 100. Barabara kuu, kiyoyozi kinawaka, watu wamejaa nyuma, itakula kama 15. Gawanya: 260 hivi. MG4 ina 51. Ni nzito, ipe ulaji wa 17, bado unapata 300.

Shangazi Zuhura: Mie kwa siku sifiki hata 60. Nikichomeka ukutani usiku haitoshi?

Idi: Inatosha na inabaki. Soketi ya ampea 10 inatoa kilowati 2 na ushei. Ukiiacha masaa 10, uniti kama 20 zimeingia. Kilomita 120 hizo.

Dada Mwana: Na safari ya kwa Bibi? Mie kukaa kituoni nasubiri chaji siwezi

Idi: Hapo ndipo wengi wanajisahau. Kuna kigari kingine cha umeme, Dacia Spring ya betri ya 26.8: kasi yake ya kuchaji inaishia kilowati 30, hata mtambo wa kituo uwe mkubwa vipi. MG4 inapokea zaidi ya mara mbili ya hizo. Na yoyote mtakayochukua, pale kituoni ikifika asilimia 80 chomoeni. Juu ya hapo inanywa kwa kijiko.

Mjomba Hamisi: Nissan Leaf za zamani je? Bei ya kutupa

Idi: Betri yake haipozwi kwa maji, joto linaichosha. Ile ya uniti 24, ya 2011, ikiwa mpya kabisa EPA waliipa kilomita 117. Kabla ya kulipa hesabu vipau vya afya ya betri kwenye dashibodi, mpya ina 12. Kikipotea kimoja tu, karibu asilimia 15 imeshakwenda.

Shangazi Zuhura: Na hizo mpya betri hazichoki?

Idi: Zinachoka, ila taratibu. Seagull na MG4 ya 51 ni LFP, betri za chuma na fosfeti, hazina nikeli wala kobalti, kuzijaza mpaka 100 si tatizo. MG4 ya 64 ni ya nikeli, hiyo kwa matumizi ya kila siku ishia 80.

Shangazi Zuhura: Basi, gari dogo linanitosha. Kwa Bibi tutakwenda na gari la Hamisi.

Mjomba Hamisi: Lipi tena? 😳

Shangazi Zuhura: Hilohilo la petroli. Idi, niletee fundi umeme aangalie waya za hiyo soketi kabla sijalipa chochote.