Naomba ushauri: kufuma na mama kwa siku chache

Ndugu zangu, habari zenu. Wakubwa, shikamooni.

Nakwenda kumsalimia mama hivi karibuni, siku chache tu. Sote tunapenda kufuma kwa krosheti, na yeye ndiye aliyenifundisha. Siku hizi vidole vyake vinakakamaa, hasa asubuhi, na uzi wa rangi nzito haumwonyeshi vitundu vizuri. Safari iliyopita tulijaribu uzi mnene wa rangi nyepesi na sindano ya milimita 8. Kuona aliona, ila mkono ulichoka upesi, naye hataki kuacha mbele yangu. Anaendelea huku anaumia, na hilo linanisumbua sana.

Nimewaza tufume miraba midogo, kila mtu yake, kisha tuiunganishe iwe blanketi dogo la magotini. Tatizo, mama hukaza uzi, mimi hulegeza, kwa hiyo vipande havilingani.

Je, nikitumia sindano ndogo kuliko yake miraba italingana, au kuna njia bora? Na kwa wenye wazazi wa namna hii: sindano yenye mpini mnene laini inawapunguzia maumivu kweli?

Natanguliza shukrani.