Tupeane uzoefu: kusasisha Linux bila kumaliza bando

MwanaJinja: Wadau, maabara nyingi za shule huku Uganda zinatumia Ubuntu au Debian juu ya modemu moja ya bando, na umeme hukatika bila taarifa. Tukusanye mbinu za kumrahisishia mtumiaji kusakinisha na kusasisha programu. Toeni amri kamili, na mseme kinachoharibika ni nini na kwa nini.

Fundi_Gulu: Kwa maabara, anzeni na apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala ya kila pakeji (faili la programu) iliyoshushwa na apt, kisakinishi cha Ubuntu na Debian, ili kompyuta nyingine zisiishushe tena. Kompyuta 20 zikisasishwa kila moja kivyake, pakeji ileile inashushwa mara 20. Teua kompyuta moja iwe seva, ipe IP isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, kisha:

`sudo apt install apt-cacher-ng`

Inasikiliza kwenye poti 3142. Katika kila kompyuta nyingine tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy`, uandike:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`
`Acquire::https::Proxy "DIRECT";`

Nukta-mkato za mwisho ni lazima. Mstari wa pili unahitajika kwa sababu seva hii, ikiachwa ilivyo, hukataa hazina (seva za mtandaoni zenye pakeji) za https kwa ujumbe wa "403 CONNECT denied". Hazina rasmi zinazopitia http zinalindwa dhidi ya kuchezewa, maana apt hukagua sahihi ya GPG (sahihi ya kidijitali ya wenye hazina). Sasisha kompyuta moja hadi mwisho, ndipo uwashe nyingine. Hizo zitachukua pakeji kutoka kwenye seva hiyo, bila kutumia bando tena. Seva ikizimika, zote zinashindwa kushusha, kwa hiyo ikiwa kuna betri moja tu ya sola, iunganishwe hapo.

AruaLinux: Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, pakeji zinabaki zimefunguliwa lakini hazijasanidiwa. Kurekebisha, fuateni mpangilio huu (dpkg ndiyo programu ambayo apt huitumia kusakinisha):

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Na nawasihi, msifute faili la kufuli `/var/lib/dpkg/lock-frontend`, ingawa ushauri huo umezagaa kila mahali. Kufuli hilo mara nyingi linashikiliwa na masasisho ya otomatiki yanayoendelea kimyakimya. Likifutwa, programu mbili zinaweza kuandika kwa pamoja na hifadhidata ya dpkg ikavurugika. Subiri, au angalia kwanza kwa `ps aux | grep -E 'apt|dpkg'`.

MbararaTek: Kompyuta za mtumba zina tatizo jingine: ujumbe "Release file is not valid yet". Hazina haina kosa, saa ya kompyuta ndiyo iko nyuma kwa sababu betri ya ubao mama imekufa. Nyingi hutumia CR2032. Ibadilishe, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`.

MwanaJinja: Ahsante, ssebo (bwana). Na pasipo intaneti kabisa?

Fundi_Gulu: apt-offline, programu ya kushusha pakeji kwenye kompyuta nyingine na kuzibeba. Iwepo kwenye kompyuta zote mbili, yenye mtandao na isiyo nao. Kwenye isiyo na mtandao:

`sudo apt-offline set gimp.sig --install-packages gimp`

Peleka gimp.sig kwa flashi penye mtandao, uendeshe `apt-offline get gimp.sig --bundle gimp.zip`. Ukirudi: `sudo apt-offline install gimp.zip`, halafu `sudo apt install gimp`. Kubeba faili moja la .deb na kulisakinisha kwa `dpkg -i` hukwama, kwa kuwa dpkg haitafuti vitegemezi, yaani pakeji nyingine zinazohitajika ili hiyo ifanye kazi. Apt-offline huviorodhesha vyote tangu mwanzo.