Tupeane uzoefu: ni kosa gani la kihistoria ulilolinasa katika M*A*S*H?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba kila mmoja asimulie kosa la tarehe au la vitu aliloligundua mwenyewe katika M*A*S*H, ile komedi ya Kimarekani kuhusu hospitali ya jeshi katika Vita vya Korea. Mwaka juzi, nikiuguza mguu uliovunjika, niliitazama yote kwa mfuatano, nikajikuta nahesabu sikukuu. Vita vile vilianza Juni 25, 1950 vikasimama Julai 27, 1953, kwa hiyo mna Krismasi tatu tu ndani yake. Mimi nilihesabu nne. Zaidi ya hapo, Kanali Potter anakabidhiwa kambi Septemba 19, 1952, ilhali tunamwona katika Krismasi tatu kati ya hizo nne, na sehemu nyingine inamwonyesha akiukaribisha mwaka 1951 pamoja na wenzake! Najua kwamba vita vya miaka mitatu viliigizwa kwa miaka 11, kuanzia 1972 hadi 1983, na sikukuu mpya zilihitajika. Basi wasingetaja tarehe.

Muuguzi wa zamu ya usiku
Ahsante kwa mada. Mimi nilikitazama kipindi hiki huku Minnesota, pamoja na bibi mmoja niliyekuwa nikimtunza. Usiku mmoja Radar, yule karani wa kambi, alionekana amelala na kitabu cha katuni cha Avengers, kundi la mashujaa wa kubuni, nikaangua kicheko, kwa kuwa mwanangu hachoki kunikumbusha kwamba kundi lile lilianza kuchapishwa mwaka 1963. Bibi hakujali katuni. Kilichomkera ni nywele za wauguzi, ambazo alisema zilitoka saluni ya miaka ya sabini moja kwa moja.

Mwalimu mstaafu
Langu ni la ukoo. Katika barua za mwanzo kwa baba yake, Hawkeye, daktari mpasuaji ambaye ndiye mhusika mkuu, anawatumia salamu mama na dada; baadaye tunaambiwa kwamba ni mtoto wa pekee na kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Mjukuu wangu aliniuliza yule dada alikwenda wapi, nami, niliyezoea kujibu maswali darasani, nikamwambia akalale.

Msafiri
Naomba niwatetee kidogo watengenezaji wa kipindi. Kambi ya kuigizia ilijengwa katika vilima vya karibu na Malibu, California, na moto wa nyika ulipoiteketeza mwaka 1982, waandishi waliuingiza moto huo katika hadithi ya sehemu ya mwisho, iliyorushwa Februari 28, 1983. Hapo walikuwa wakweli kuliko mahali pengine popote. Hata hivyo, nilipolitembelea bonde lile na kuliona gari la wagonjwa lililobaki pale likiwa na kutu, jua lilinichoma nikiwa na fulana tu, pale pale ambapo waigizaji walivaa makoti mazito na kupuliza viganja vyao kama watu walioganda kwa baridi ya Korea.