Matembezi ya milimani kwa treni kutoka Mombasa: tushuke Voi au wapi?

BintiKisauni

Salaam aleikum jamani. Tuko watu saba, gari hatuna, na tunataka kutembea kwa miguu milimani au msituni. Kutazama simba kupitia dirisha hatutaki, hilo tumeshalifanya. Fikra yetu ni treni ya asubuhi kutoka Miritini, stesheni ya Mombasa. Kati yetu kuna mama wa miaka 63, anatembea vizuri lakini goti lake halipendi mteremko, na mtoto wa miaka 11. Tushuke stesheni gani? Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana? Tumesikia pia Mtito Andei na Mariakani zikitajwa.

MdawidaWaJuu

Waaleikum salaam dadangu. Shukeni Voi. Mtito Andei ni mlango wa Tsavo Magharibi, na ndani ya mbuga hushuki garini ila mahali palipotengwa. Kwa mtu wa miguu, hapo ni pa kunywa chai tu.

Lakini kabla ya kuchagua mlima, tazameni saa. Treni inayosimama kila stesheni inatoka Miritini saa 2:00 asubuhi na kufika Voi kama saa 4:00. Wakati huo Voi, ambayo iko mita 600 hivi juu ya bahari, imeshaanza kuunguza, na haitapoa mpaka saa 10:00 jioni. Mlima unaoanza kukwewa kutoka chini, yaani Sagalla au Kasigau, ukiushika saa 5:00 utakuwa kwenye mteremko mkali jua likiwa utosini. Watu wengi wanakosea hapo: wanaona Sagalla umesimama karibu na mji, wanauendea mbio kutoka stesheni, maji yanaisha nusu ya njia.

Siku ya kufika, acheni gari liwapandishe, nyinyi mtembee juu. Kila mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii. Wundanyi, mji ulio juu kwenye milima ya Taita, iko karibu mita 1,400, kwa hivyo saa sita mchana ya kule ni kama saa tatu asubuhi ya Voi.

Utaratibu wenyewe: stesheni ya Voi iko nje ya mji, chukueni tuktuk mpaka steji ya matatu. Ulizeni gari la Wundanyi, si la Mwatate wala la Taveta, kwa sababu yote yanapita barabara moja mpaka Mwatate kisha la Wundanyi hukata kulia na kuanza kupanda kona. Matatu haiondoki mpaka ijae, lakini nyinyi saba mmeshajaza nusu yake. Hesabuni kuwa mtafika Wundanyi kati ya saa 6:00 na saa 6:30.

Mchana huo nendeni mwamba wa Wesu, ule unaouona juu ya mji. Kwenda na kurudi kwa mwendo wa mtoto ni saa mbili na nusu au tatu, pamoja na kukaa. Sehemu ya mwisho ni jiwe tupu. Mvua ikinyesha jiwe lile huwa kama sabuni, na ukingo wake hauna kizuizi, mtoto ashikwe mkono. Mama asirudi kwa kijia cha kukatiza kinachoshuka wima. Arudi kwa barabara ya gari, ni ndefu kidogo lakini goti halitalia.

Siku ya pili ndiyo ya msitu: Ngangao. Panda gari la kuelekea Werugha asubuhi, mwambie dereva mapema akushushe njia ya Ngangao. Ni kipande kidogo cha msitu wa asili, hekta 120 hivi, kimekaa juu ya mgongo wa kilima na kilele chake kinakaribia mita 1,950. Udogo huo usiwadanganye. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya safu inayoanzia Tanzania, na imejitenga na milima mingine kwa nyika kavu pande zote, ndiyo maana kuna ndege wasiopatikana kwingine duniani. Kurumbiza wa Taita, mwenye kichwa cheusi na mdomo mwekundu, hutafuta wadudu kwenye majani yaliyooza chini. Ukipita unaongea humwoni. Simama dakika kumi kimya karibu na kijito, hasa kabla ya saa 3:00 asubuhi.

Malipo ya kuingia msituni ulizieni ofisi ya misitu pale Wundanyi kabla ya kupanda, na hapohapo muombe kiongozi wa njia. Vijia vya ndani vinagawanyika na ukungu ukishuka, miti yote inafanana.

Siku moja inawezekana, lakini ipigeni hesabu. Mmetoka nyumbani kabla ya saa 12:00 alfajiri, mmefika Wundanyi saa sita na nusu, na saa 9:30 alasiri inabidi muwe mmerudi steji ili mpate gari la kushuka Voi kwa uhakika. Kisha basi mpaka Mombasa, saa tatu kama malori hayajafunga barabara Mariakani na Mazeras. Saa kumi na tano nje ya nyumba, tatu tu za kutembea. Laleni Wundanyi.

RelwePwani

Naongeza upande wa treni, maana hapo ndipo safari huharibika mapema.

Tiketi kateni kwa *639# au kwenye tovuti, mlipe kwa M-Pesa. Jina na namba ya kitambulisho ziwe zilezile za kitambulisho mtakachobeba, kosa la tarakimu moja linawarudisha dirishani. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu nauli, kwa hivyo mkatieni ya mtoto. Ujumbe wa simu si tiketi: mkifika mtachapisha kwenye mashine, na foleni ya mashine ndiyo ndefu kuliko zote.

Mwanzo wa safari andikeni Mombasa, mwisho Voi. Kuna anayekata ya Nairobi kwa mazoea na kulipa safari nzima. Na angalieni saa kwa makini: tiketi itasema 08:00, hiyo ndiyo saa mbili yetu. Treni za mchana na za usiku hazisimami kila stesheni, kwa hivyo mkitaka kurudi na ya jioni, msikisie. Kama Voi haitokei kwenye orodha ya siku hiyo, haisimami.

Fikeni Miritini saa 1:00 asubuhi. Mizigo hupangwa chini mbwa wanuse, kisha mashine, kisha ukaguzi tena. Kisu cha kukatia matunda, panga, mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, pombe: vyote vitabaki hapo. Kateni maembe nyumbani. Kutoka mjini kuna matatu za moja kwa moja mpaka stesheni, lakini asubuhi Makupa na Changamwe zinaweza kula saa nzima.

Kaeni upande wa kushoto mkienda kama mnaweza kuchagua. Jua la asubuhi liko kulia, na milima ya Maungu na Sagalla inajitokeza kushoto kabla ya Voi.

Sasa kurudi. Treni ya asubuhi kutoka Nairobi hupita Voi kama saa 6:00 mchana. Mkitaka kurudi nayo Jumapili lazima muondoke Wundanyi saa 3:00 asubuhi, na Ngangao ndiyo imekufa. Kwa mpango wa MdawidaWaJuu, kwenda ni treni, kurudi ni basi. Au laleni siku mbili.

Shekhe_Mazeras

Jamani mbona mnaikimbilia Taita, Rabai iko hapa? Treni mpaka Mariakani, kisha kaya, ule msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Mama wa miaka 63 hatahangaika na kona za Mwatate.

RelwePwani

Shekhe, Rabai ni pazuri, lakini treni haina kazi hapo. Stesheni ya Mariakani imeipita Rabai, utalipa nauli uende mbele halafu urudi nyuma. Matatu ya Mazeras kutoka mjini, kisha boda au tuktuk mpaka Rabai, mmefika kabla treni haijaondoka Miritini.

Kwa wanaotaka nusu siku, ni hivi: anzeni kwenye makumbusho ya Rabai, kwenye kanisa la zamani la misheni aliyoianzisha Krapf mwaka 1846, na hapo ndipo muombe ruhusa na mzee wa kuwaingiza kaya. Makaya ya Mijikenda yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini kwa wenyewe ni mahali pa ibada na makaburi. Hamuingii peke yenu, hamvunji hata kijiti, na picha ni pale tu mzee anaporuhusu. Njia ni fupi na karibu tambarare, goti litafurahi. Joto na mbu ndio bei yake.

BintiKisauni

Ahsanteni sana. Tumekubaliana: Jumamosi treni na Wesu, tulale Wundanyi, Jumapili Ngangao, turudi kwa basi. Maswali mawili. Vijana watatu wanataka kubaki Jumatatu wakwee Sagalla. Vipi ndovu? Na kama mvua itatushika Jumapili, tufanye nini badala ya Ngangao?

MdawidaWaJuu

Mvua ikiwa nyingi, nendeni Vuria. Ni kilele kirefu kuliko vyote Taita, mita 2,208, lakini barabara inafika mpaka juu kwenye minara ya mawasiliano, kwa hivyo hamtelezi kwenye udongo mwekundu wa vijia. Mandhari hamtaona, ukungu utakuwa umefunika. Mtatembea tu, na ni baridi kweli: sweta na koti la mvua, si leso peke yake. Mwezi wa sita hadi wa nane hata bila mvua ukungu hukaa mpaka saa 4:00 au 5:00. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msiwaze Ngangao na goti bovu. Miezi ya kuona mbali ni Januari na Februari.

Soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi: siafu na kupe. Na maji yawe kwenye chupa za kujaza tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa, na chupa ile ya dukani ni mojawapo.

Msaghala

Hao vijana wa Sagalla walale Voi Jumapili usiku, wasilale Wundanyi, ili waanze mapema. Lakini mapema isiwe gizani. Ndovu wa Tsavo huja mashambani chini ya mlima usiku na kuondoka alfajiri, na hatari yote iko pale chini, si juu. Kwa hivyo kipande cha bondeni kisitembewe kwa miguu: wachukue boda mpaka mwanzo wa mlima kukiwa kumepambazuka, kama saa 12:30 asubuhi, wapate mwenyeji wa kuwaongoza hapo kijijini, na wawe wamerudi chini kabla ya saa 10:00 jioni. Wakikuta kinyesi kibichi chenye mvuke au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, wasisonge mbele wala wasipige kelele. Warudi walikotoka.

Jambo moja wageni hawaambiwi. Kwenye mashamba ya kijiji cha Mwakoma na jirani zake mtaona mizinga ya nyuki imening'inia kila baada ya mita kumi, imeunganishwa kwa waya. Huo ni ua wa kuzuia ndovu. Akiugusa waya, mizinga yote inatikisika na nyuki wanatoka. Haubagui: ukiuinua waya upite chini, au ukiegemea ufunge kamba za viatu, wanatoka vilevile. Zungukeni mpaka kwenye mlango wa shamba.

Juu kuna hewa nzuri, mashamba, na sehemu kubwa ya msitu ni misonobari na mikaratusi ya kupandwa. Wa asili umebaki vipande. Teri ndiko alikojenga misheni Wray mwaka 1883, na vitu vyake vimehifadhiwa hapo. Maji lita tatu kila mtu, kupanda hakuna pa kujaza pa uhakika.

Shekhe_Mazeras

Nimekubali kushindwa kuhusu Mariakani. Na Kasigau je? Ndiko alikopita mmisionari Rebmann mwaka 1847 akitoka huku kwetu Rabai, yeye akiuita Kadiaro.

Msaghala

Kasigau si wa kuunganisha na safari hii, Shekhe. Kilele mita 1,641, mguu wake mita 600 hivi, yaani unapanda mita elfu moja kwa mkupuo: saa tatu hadi nne kupanda, na kushuka kunachosha zaidi. Magari ya Rukanga, kijiji kilicho chini ya mlima huo, ni machache, kwa kawaida hutoka vijijini alfajiri kuja Voi na kurudi mchana. Hilo kwa wa treni ni zuri: unashuka saa 4:00, unakula Voi, unapanda la mchana, unalala Rukanga, unaanza mlima saa 12:00 asubuhi na kiongozi wa kijijini. Ila siku ya kushuka gari la kwenda Voi litakuwa limeshaondoka. Hesabuni usiku wa pili, au boda mpaka Maungu kwenye barabara kuu mkasimamishe basi hapo.

BintiKisauni

Swali la mwisho: vijana wakitoka Sagalla Jumatatu, basi la Mombasa walipandie steji ya mjini au barabarani?

RelwePwani

Mjini. Mabasi yanayotoka Nairobi huwa yamejaa na mengine hayasimami kwa mtu wa barabarani. Matatu za Voi–Mombasa zinaanzia mjini, na viti ni vya anayewahi. Wawe pale kabla ya saa 11:00 jioni.