Picha za gemu zimechuja na vivuli bapa, nisaidieni kabla sijauza kadi

mtoto_wa_Wete
Asalaam alaykum ndugu zangu, mie niko Wete Pemba na hili jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, zile ndogo za maofisini, nikatia kadi ya picha ya GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa sababu haitaki waya wa ziada kutoka pawa saplai, na monita sina kwa hivyo nimechomeka HDMI kwenye tivii ya nyumbani ya inchi 32. Gemu linawaka na wala halikwami, lakini picha imechuja kama khanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Kwenye gemu la GTA V usiku si usiku, weusi wote umekuwa jivu, utasema mtu kaimwagia skrini tui jepesi. Na vivuli ndo vinanitia uchungu zaidi, gari zinaelea juu ya lami, mtu aliyesimama chini ya mti na aliye juani huoni tafauti.

Nshapunguza mwangaza ndani ya gemu, nshaongeza kontrasti ya tivii mpaka nyuso za watu zikawa nyekundu, nimefuta draiva nikaweka mpya, nikalifuta na gemu lenyewe nikalishusha upya na bando la mwezi mzima likenda hapo. Gemu la mpira nalo vile vile, majani ya uwanja ya kijivu. Nataka kuiuza hii kadi, lakini nimeikusanyia pesa miezi mingi, naombeni ushauri wenu kwanza.

kijana_Fuoni
Weka ReShade kaka, ni programu ya kurekebisha picha ya gemu, unaongeza rangi na ukali mwenyewe unavyotaka, mie ndo natumia na picha inang'ara

dada_mhariri
Waalaykum salaam. Kaka usishushe kitu bado. Mie kazi yangu kuhariri video za harusi hapa Mjini na hilo tui lako nshalikuta mara nyingi. Fanya jambo moja kwanza, ukiwa ndani ya gemu usiku bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc ipigwe picha ya skrini, usipige kwa kamera ya simu, halafu hiyo picha ihamishie kwenye simu uitizame huko. Ikiwa kwenye simu weusi ni weusi basi gemu na kadi havina ubovu, kasoro iko baina ya kadi na tivii. Kuweka ReShade sasa hivi ni kupaka chokaa ukuta unaotoa unyevu, doa litarudi tu.

mtoto_wa_Wete
Dada nimefanya, wallahi kwenye simu usiku mweusi tii! Lakini gari bado zinaelea hata huko kwenye simu.

dada_mhariri
Basi una maradhi mawili na kila moja lina dawa yake. Vivuli waachie wanaojua gemu, mie nakwambia la rangi.

Kompyuta inahesabu weusi kamili ni 0 na weupe kamili ni 255. Video za tivii tangu zamani zina hesabu nyingine, weusi ni 16 na weupe ni 235. Kadi ikijiona imechomekwa kwenye tivii kwa HDMI mara nyingi inajichagulia yenyewe ile ya 16 mpaka 235. Sasa kama tivii yako kwenye tundu hilo inasoma 0 mpaka 255, ikiletewa 16 haijui kuwa huo ndo weusi wa mwisho, inakuonyesha kijivu. Hata ukazidisha kontrasti vipi hupati kitu, unaharibu nyuso tu kama ulivyoona.

Kwanza rudisha kontrasti ya tivii ilivyokuwa. Halafu bonyeza kulia kwenye desktop, fungua NVIDIA Control Panel, ingia pale pa kubadilisha rezolusheni, shuka chini uchague kutumia rangi za NVIDIA, kisha palipoandikwa Output dynamic range toa Limited, ndo ile ya 16 mpaka 235, weka Full, ile ya 0 mpaka 255, na rangi iwe RGB. Ukiona sasa weusi umezidi mpaka nguo nyeusi hazina mikunjo, ujue tivii nayo ilikuwa inasubiri ya 16, hapo utafute kwenye menyu ya tivii palipoandikwa Black level ubadilishe. Pande mbili lazima zisome hesabu moja.

bin_Chake
Tizama na HDR ya Windows, ile ya kuzidisha upana wa mwanga na rangi, isiwe imewashwa. Tivii nyingi za bei ndogo zinaipokea lakini hazina mwanga wa kuionyesha, mie iliniletea weupe huo huo.

mtoto_wa_Wete
HDR sina. Dada Mungu akuzidishie, nimeweka Full tu sekunde ile ile weusi umerudi, nimebaki naitizama desktop peke yake hata gemu sijafungua. Haya vivuli sasa.

fundi_Michenzani
Mdogo wangu, tizama ngalawa iliyopandishwa mchangani siku ya mawingu. Jua hakuna, kivuli cha kuchora hakuna, lakini chini ya tumbo lake pana kiza kwa sababu mwanga hauingii vizuri, na kile kiza ndo kinakwambia ngalawa imekaa juu ya mchanga. Gemu haliwezi kufuata kila mwale, ni kazi nzito, kwa hivyo linatizama kina cha picha, yaani kila kitu kiko mbali kiasi gani, na kukisia wapi pamebanwa, linapatia kiza. Gemu la Crysis la 2007 ndo lililoleta ujanja huo kwenye gemu, na kwenye menyu utaukuta umeandikwa Ambient Occlusion. Kwako naamini imezimwa, gemu likikisia kompyuta dhaifu linapunguza vitu kama hivyo.

Iweke High. Shadow Quality iweke High pia, vivuli laini weka Softer, zile za NVIDIA PCSS waachie wenye kadi kubwa. Ukurasa wa grafiki za juu usiuguse, vivuli virefu vya mle vitakuua frem, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Ikiwa nzito punguza nyasi na MSAA, ile ya kulainisha kingo za vitu, vivuli usivirudishe chini.

mtoto_wa_Wete
Kweli ilikuwa Off! Frem zilishuka kutoka 60 mpaka 47, nikashusha nyasi na nikazima MSAA zikapanda 58. Gari zimekamata lami, hata chini ya mlango wa duka pana kiza chake. Kadi siiuzi tena. Ila dada, bimkubwa ana king'amuzi kwenye tivii hiyo hiyo, sijamharibia?

dada_mhariri
Ulichobadilisha kiko upande wa kadi, king'amuzi hakikuguswa. Hakikisha tu ile kontrasti umeirudisha.

mtoto_wa_Wete
Nimerudisha, anatizama taarifa ya habari sasa hivi, nyuso za watu zimetulia.