UKOO MMOJA 🌿 (kikundi cha familia)

Shangazi Rehema: Habari za asubuhi ukoo. Nakumbusha kwa mara ya mwisho. Ijumaa ndiyo siku ya kumjibu yule fundi anayemchukua Zuhura kwa uanagenzi. Mfuko wa elimu unatoa au hautoi? Andikeni NDIYO au HAPANA. Kidole gumba si jibu.

Ba'mdogo Athumani: 👍

Shangazi Rehema: Athumani.

Ba'mdogo Athumani: Nimesoma juujuu dada. Uanagenzi wa nini?

Shangazi Rehema: Wa kwato za punda! Si tumelizungumza humu humu?

Rubani: Mtu na shahada yake ya uhasibu anakwenda kuwakata punda kucha 😂😂 Na rangi anapaka?

Mwajuma: 😂😂😂 nyekundu

Shangazi Rehema: Jamani tuko kwenye jambo la maana.

Rubani: Shukrani ya punda ni mateke. Usije ukasema hukuambiwa.

Zuhura: Cheka umalize, kisha usome. Kwato hazikomi kukua. Punda anayetembea kwenye njia ngumu anazisugua mwenyewe, lakini anayeshinda kwenye tope zinarefuka, zinajikunja mbele, anaanza kukanyagia kisigino na kano zinavutika. Inatakiwa zikatwe kila wiki 6 hadi 10. Na punda ni msiri wa maumivu. Ukimwona anachechemea, jua kinamuuma siku nyingi. Akiacha kula ndiyo hatari kabisa, mafuta ya mwilini yanajaa kwenye damu, anakufa huku watu wanasema anadeka.

Ba'mdogo Athumani: Si wapo madaktari wa mifugo?

Zuhura: Wapo Ba'mdogo, na wao ndio wananiita. Daktari atatibu jipu ndani ya kwato. Lakini kuinama na tupa, miguu minne, punda mmoja baada ya mwingine mchana kutwa, muda huo hana. Halafu kwato ya punda imesimama kuliko ya farasi. Aliyezoea farasi akiikata kwa kipimo chake anamlemaza mnyama.

Faraji: Huku Uingereza hii ni kazi ya heshima. Huruhusiwi kupigilia kiatu cha chuma bila kusajiliwa, ni sheria ya 1975, na punda wamo. Mimi NDIYO.

Rubani: Huko kwenu. Sisi punda afe mzigo ufike.

Zuhura: Na mzigo wa kesho yake utaubeba wewe?

Mwajuma: 🔥🔥 NDIYO

Mama Saumu: Nitaandika mara moja tu. Mwanangu alipotaka uuguzi niliambiwa mfuko umefungwa kwa muda. Kwa urubani ukafunguka. Leo kwa punda unafunguka. Haya.

Rubani: Ma'mkubwa, mimi nimeingiaje hapa?

Mama Saumu: Kwa mlango wa ndege.

Mwajuma: 😭😭😭

Ba'mdogo Athumani: Ya mwanangu tuache tafadhali.

Shangazi Rehema: Wifi, hayo tuliyamaliza kwenye kikao.

Mama Saumu: Mliyamaliza nyie. Daftari lilikuwa mkononi mwako.

Shangazi Rehema: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Saumu: Nimeusoma.

Ba'mdogo Athumani: Nasikia ngozi za punda zina soko sana. Asiangalie upande huo?

Zuhura: Ba'mdogo!! Hao ndio wanaowamaliza. Zinachemshwa China kutengeneza dawa ya ejiao. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo.

Ba'mdogo Athumani: Nimeuliza tu.

Bibi: 🎤 1:52

Shangazi Rehema: Simu yangu haifungui sauti. Nani amsikilize Bibi atuandikie?

Mwajuma: Nimeandika kama alivyosema:

"Marahaba wote. Rehema, usiwakimbize watu kwa mfuko ambao si wako. Mama Saumu alinyimwa. Nilikuwepo, nikanyamaza. Hilo litaanza. Zuhura mjukuu wangu, sikukatazi. Ila umesema habari za punda tu, hujasema nani atakulipa. Mwenye punda mmoja mwenyewe anahangaika. Na ukipigwa teke, nani atakuuguza? Nijibu."

Faraji: Naam Bibi.

Mwajuma: 🙏🏾

*(saa 3:40 usiku)*

Zuhura: Shikamoo Bibi. Nianze na teke, ndilo jepesi. Sisimami nyuma yake wala hatua mbili pembeni, maana hapo ndipo mguu unafika na nguvu zote. Nasimama ubavuni nimemgusa, uso wangu unaelekea mkiani, mkono unateremka polepole kutoka begani mpaka kwenye kifundo, nabana kidogo, anainua mwenyewe. Akigoma simvuti, naomba mwenzake aletwe asimame karibu. Punda waliozoeana ukiwatenganisha, siku hiyo hufanyi kazi.

Malipo: wenye mikokoteni watalipa kwa kikundi, si mmoja mmoja, na vituo vya kutunza wanyama vinalipa kwa mwezi. Haifiki mshahara wa ofisini, sikufichi. Kwa hiyo wateja wangu wa mahesabu siwaachi, nitawafanyia usiku.

Bibi: 🎤 0:04

Mwajuma: Anasema "Nimesikia."

Rubani: Nimesikia ndiyo au nimesikia hapana?

Shangazi Rehema: Idi nyamaza.

Mama Zuhura: Natoka kazini sasa hivi. Mwanangu anajadiliwa tangu asubuhi, hata simu sikupigiwa?

Shangazi Rehema: Wifi umo humu kundini. Haya, kikao ni kesho jioni kwa simu. Kwanza la Mama Saumu, halafu la Zuhura. NDIYO ziko mbili na kidole gumba.

Ba'mdogo Athumani: Kidole changu sikukihesabu kama kura.

Zuhura: Nimemwomba fundi asubiri mpaka Jumatatu. Bado hajajibu.

Mama Saumu: Kabla ya kikao, daftari lipigwe picha liwekwe hapa. Kurasa zote.

Shangazi Rehema: 📷 📷 📷 📷

Mama Saumu: Ukurasa wa mwaka ule haupo.